Waya wa Nyuma ya Mita

RIDHIWANI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWAMINI: Mie, dada'ko Mwamini. Uko gesti?

RIDHIWANI: Shikamoo dada. Nipo, nafungasha vifaa. Bado mita za luku chache tu za kufunga hapa Ikwiriri, halafu—

MWAMINI: Achana na mita. Funga mlango. Zaidi amekufa.

RIDHIWANI: Zaidi gani? Mdogo wake shemeji?

MWAMINI: Huyohuyo. Umeme umemnasa kwenye mashine ya kukoboa. Mkono umeungua mpaka... Nimemfunika kanga yangu.

RIDHIWANI: Inna lillahi. Lakini mashine ya shemeji Kondo niliikatia umeme jana. Nilikuta waya wa wizi umepitishwa nyuma ya mita, nikauondoa.

MWAMINI: Haloo? Unakatika—

RIDHIWANI: Nasema niliuondoa. Nani kaurudisha?

(Mtandao unakwaruza.)

MWAMINI: Kondo anawaambia watu mita zako ndizo zinaua. Wamemkuta fundi mwenzako, Miraji, pale stendi. Wamempiga mawe. Shaban jirani yetu kamkata sikio kwa panga.

RIDHIWANI: Mzima?

MWAMINI: Anapumua. Sasa wanakuja kwako na dumu la petroli.

RIDHIWANI: Nawasikia. Wanavunja geti. Shemeji yumo?

MWAMINI: Yuko mbele. Mie niko nyuma yao.

RIDHIWANI: Dada, ni yeye aliyeunga ule waya?

MWAMINI: Nilimshikia ngazi.

RIDHIWANI: Basi waambie. Wewe mkewe, watakusikia.

MWAMINI: Nimezaa naye wanne, Ridhiwani.

RIDHIWANI: Dirisha lina nondo. Wanamwaga petroli mlangoni, inaingia kwa chini, nimeikanyaga—

MWAMINI: Usikate simu. Nipisheni. Shaban, nipishe. Kondo, geuka. Waambie nani kapanda ngazi leo asubuhi. Waambie mdogo wako kafa kwa waya wa nyu—

(Kishindo. Makelele.)

RIDHIWANI: Dada? Haloo? Dada Mwamini, sema neno.

MWAMINI: Kondo kanipiga ngumi ya mdomo. Jino limetoka.

RIDHIWANI: Mbona wamenyamaza?

MWAMINI: Wanamtazama Kondo. Wamemshika. Shaban kamwangusha. Wanamvuta— dumu wanalo wao.

RIDHIWANI: Toka hapo, dada. Kimbia.

MWAMINI: Nimemlalia. Fungua mlango, nimwingize.

RIDHIWANI: Alikuja kunichoma moto huyo.

MWAMINI: Najua. Fungua, mdogo wangu, wanakuja na kiberi—

(Salio limekwisha.)