Arvil Stiltner na Bunduki Ambayo Si Yake

Mchungaji, Bibi Verna, ndugu, majirani na ninyi mliotoka mbali, familia imenipa mimi mjukuu kazi ya kusoma maisha ya babu yetu, eti kwa kuwa nina digrii na sina ofisi inayonisubiri, basi nitayasoma yote, pamoja na aya ambayo Mjomba Denver aliikata jana kwa kalamu nyekundu.

Marehemu Arvil Stiltner alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Laurel Bottom, mashariki ya Tennessee, mtoto wa nne wa mzee Elbert, mhunzi, na mama Ocie. Alisoma shule ya hapa bondeni kuanzia mwaka 1947 hadi 1955, akaishia darasa la nane baba yake alipovunjika mgongo, akaingia karakanani, na hakuna chuo kilichomfundisha alichokijua.

Mwaka 1961 alimaliza gobore lake la kwanza la gumegume, jiwe la kutoa cheche, mtutu mrefu, kitako cha mbao ya mjozi, na tangu hapo alitengeneza bunduki mia moja na tatu, kila moja ikiwa na vifyatulio viwili, cha nyuma unakivuta kutega, cha mbele ukikigusa tu kama unavyogusa kope ya mtoto aliyelala, inalia. Siku hizi watu wananunua vifyatulio vya kiwandani, wanachimba mbao, wanapachika, wanaita ufundi. Babu alivisaga vyake kwa tupa siku tisa, siku kumi, akipachika, akitoa, akipachika tena, mpaka kati ya kifyatulio na ulimi unaoishika nyundo ya gumegume ibaki nafasi ya karatasi moja ya sigara, isizidi, isipungue, kwa maana nafasi hiyo ikikosekana nyundo haishikiki, na bunduki inalia inapojisikia. Hapo ndipo alipochonga jina lake juu ya mtutu, si kabla.

Oktoba 1963 alishiriki shindano la shabaha la nyama, ambapo mshindi wa kwanza huchagua robo ya ng'ombe anayoitaka, yeye akawa wa tano, akaambulia ngozi na mafuta ya kupikia sabuni, na mzee Honeycutt akatangaza mbele ya binti yake kwamba kijana huyu atalisha watoto wake sabuni. Binti huyo ndiye Bibi Verna, walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1964, wakajaliwa Denver mwaka 1966, na mama yangu Loretta mwaka 1969, na sabuni hawakula.

Tarehe 3 Februari 2023 Babu alipatwa na kiharusi, akalazwa wiki tano, akarudi nyumbani mkono wa kulia umekufa, na mezani kwake ilibaki bunduki ya mia moja na nne, bado haijatiwa vifyatulio. Sasa ndiyo ile aya. Mjomba Denver, mwenye haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki, alinunua vifyatulio vya kiwandani, akachimba mbao kupita kiasi ili bamba la chuma linaloshika vifyatulio lilale vizuri machoni pa mnunuzi, ile nafasi ya karatasi ikaliwa yote, kisha akachonga juu ya mtutu jina la baba yake, baba aliyekuwa hai, chumba cha pili, akinywa uji wa mahindi kwa kijiko. Kinyaa kitupu. Tarehe 8 Julai, mbele ya mama na mimi, alimpelekea Babu bunduki ile aisifu, haina baruti, na Babu akailaza magotini, akavuta nyundo nusu kwa mkono wa kushoto, akaitikisa kidogo tu, nyundo ikaanguka.

"Futa jina langu, Denver."

"Baba, nani ataifungua aangalie ndani?"

"Daktari, ikishamuumiza mtu."

Mjomba alicheka, akatuambia pembeni kwamba mzee kachanganyikiwa, na jina likabaki. Kila siku Babu aliuliza, kwa ulimi mzito, kama limefutwa, na kila siku akajibiwa limefutwa. Alifariki tarehe 21 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa ameuamini uongo huo, na jana naingia humu kanisani naikuta bunduki imesimamishwa kando ya jeneza, na kadi, eti kazi ya mwisho ya mikono yake, tayari kwa mnunuzi, Bwana Pruitt wa benchi la tatu, aliyekuja kuichukua tukishazika, akaipige Jumamosi uso wake ukiwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye nyundo.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kengele, nilichukua tupa ya Babu nikalisaga jina lile, na mkipita kuaga mtaona pale juu ya mtutu panang'aa. Bwana Pruitt, samahani kwa safari yako, usiitie baruti. Pale peupe panatosha jina moja, patasi ya kuchongea nimeiweka juu ya kadi, na Mjomba, anayesema kazi ni safi, achonge lake, sisi wote tukiangalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maharage na mkate wa mahindi siku zote hizi, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao ili wambebe.

Babu, limefutwa. Sasa ni kweli. Pumzika.