Mwalimu Aliyerudi Kuuliza

Zzzip. Kimya kidogo. Zzzip tena.

Hiyo ni zipu ya mkoba, wasikilizaji wapendwa. Ni gizani, saa kumi na moja alfajiri. Mkoba unafungwa, unafunguliwa, unafungwa tena. Kwa miaka kumi na tisa ndivyo mzee mmoja alivyoamshwa na mke wake.

"Nilikuwa namwambia, mama watoto, glavu hazijatoroka usiku," anasema mzee huyo. "Ananijibu, lala wewe, hukutumwa." Sasa anaamka mwenyewe. Zipu hakuna, na usingizi haurudi.

Mwenye mkoba alituacha Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya kuugua siku nne. Alikuwa mwalimu wa wauguzi. Si wauguzi wa wodini, bali wale wanaokwenda kwa watu, nyumba kwa nyumba. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: mwalimu wa wauguzi wa jamii, miaka kumi na tisa. Wanafunzi walimwita Mama Hatulii. Na kweli hakutulia. Alifundisha akitembea, na chai yake ilipoa dirishani kila siku. Hata mimi leo, nikimsimulia, kiti hiki hakikaliki.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi. Mwanafunzi akishatembelea nyumba, kesho yake mwalimu anakwenda nyumba ileile, peke yake. Fomu haulizii. Ana swali moja tu: "Mngependa arudi?" Wakisema ndiyo, anasaini kitabu cha mazoezi. Wakisita, hasaini, hata kama mwanafunzi huyo anaongoza darasa zima.

Mwanafunzi wake wa mwisho ni binti aliyewahi kuuza dukani. Wenzake wanamwita Chapuchapu. Kitabu chake kilikosa saini moja, na bila saini hiyo, mwezi huu hahitimu. Nyumba aliyopewa ni ya bibi mwenye kisukari, anayeishi na binti yake mshona nguo na mjukuu wa miaka sita. Bibi alikuwa anachechemea, mguu umefungwa kitambaa.

Chapuchapu aliingia, akabaki amesimama, akatoa fomu. Choo kipo? Maji mnachemsha? Mguuni una nini? "Mkwaruzo tu," bibi akasema. Akaandika mkwaruzo. Dakika kumi na mbili, kwisha. Mlangoni akageuka: "Na wewe bibi usiwe mbishi, huo mguu uuangalie kila siku."

Kesho yake mwalimu akauliza swali lake.

"Yule?" bibi akasema. "Arudi kufanya nini, kuhesabu vikombe?"

Mwalimu hakusaini. Mara ya pili ikawa yaleyale. Chapuchapu akamlilia kwenye ngazi za chuo. "Mwalimu, nimejaza kila kisanduku!"

"Umejaza, mwanangu. Visanduku vimepona vyote. Bibi je?"

Mara ya tatu Chapuchapu alikwenda bila fomu. Akaketi chini, akamsaidia mshona nguo kukunja mashati ya wateja. Wakapiga soga mpaka bibi naye akacheka. Ndipo akaona jambo ambalo fomu haikuwa na kisanduku chake: bibi hawezi kuinama. Unyayo ule umekufa ganzi, na hajauona kwa macho yake tangu mwaka jana. Ubishi uko wapi hapo? Chapuchapu akaomba kioo cha mkononi, akakiweka sakafuni, akafungua kitambaa taratibu.

"Yarabi!" bibi akasema. "Kumbe ndio hivi?"

Kilikuwa kidonda, tena kirefu, kimeanza kunuka. Siku hiyohiyo wakaenda wote kituo cha afya. Mjukuu akapewa kazi ya kushika kioo kila asubuhi.

Kesho yake, Ijumaa, mwalimu alianguka akivaa viatu kwenda kuuliza. Hospitalini akawa anataka kushuka kitandani. "Nina nyumba moja sijauliza," alimwambia mume wake. "Moja tu. Niacheni niende nirudi."

Hawakumwacha. Msibani Chapuchapu aliketi na kitabu chake mapajani, hakuthubutu kumwonyesha mtu.

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni mama wa mtoto mdogo. Nimewahi kumwambia muuguzi "hatujambo" mtoto wangu akiwa na homa, kwa sababu muuguzi alikuwa anatazama saa. Wewe unayetembelea watu leo, jiulize: ukishatoka, wanatamani urudi? Na wewe unayetembelewa, sema ukweli wako, kuna watakaokaa wausikie. Kwa mzee wetu, kwa watoto wake wawili, kwa chuo kizima, poleni sana. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mama yule ambaye hakujua kupumzika.

Swali lake halikubaki njiani. Juzi mwalimu msaidizi wa chuo alikwenda kwa bibi, nami nikafuatana naye na kinasa sauti changu. Chapuchapu alibaki nje, barabarani, hawezi kusimama mahali pamoja. Mwalimu msaidizi akauliza: "Mngependa arudi?" Cherehani ikanyamaza. Bibi akakohoa. Mjukuu hakuwangoja wakubwa.

"Mguu wa bibi haunuki tena."