Sentensi Moja Kuhusu Meno Yetu

Ejok, hamjambo ndugu zangu wa Lodwar, nanyi mliokuja na lori kutoka Kakuma. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Nitajaribu, lakini mambo mengine ukiyasema kwa upole unakuwa mwongo.

Wengi mnanijua kama yule daktari wa kifafa. Kazi yangu ni kuchunguza ubongo, nijue kwa nini mtu mwenye afya anaanguka ghafla na kutetemeka. Mimi ni Mturkana, nimechunga mbuzi huko Kerio kabla ya kuona darasa. Kwa hiyo nilipofika chuo kikuu nilisema utafiti wangu nitaufanya kwetu. Nilikaa miaka na wagonjwa wa hapa na wa Kakuma, boma kwa boma, nikaandika ugonjwa unaanzaje na dawa gani inasaidia. Nikampelekea profesa wangu. Akasema, "Kazi nzuri. Niachie niinoe."

Aliinoa kweli! Ilitoka kwenye jarida kubwa la ng'ambo, ina jina lake peke yake. Mimi nilishukuriwa mwishoni kama mkalimani. Mkalimani! Ndugu zangu, nawaambia, katika kazi yetu jina ndiyo mifugo. Mtaalamu mwingine akitumia utafiti wako anakutaja, na ukitajwa sana unapanda cheo, unapewa fedha za utafiti mwingine. Yeye akatajwa kila mahali. Nilipomuuliza, alicheka. "Wewe bado kijana. Zako zitakuja."

Niliacha kazi. Nikarudi Lodwar, nikanywa chang'aa mpaka mbwa wa mtaa wakanizoea. Kila aliyeketi nami alisimuliwa habari za profesa, apende asipende. Mke wangu, yule pale, aliniambia, "Baba watoto, huyo mtu nimechoka kuishi naye, na hata sijawahi kumwona." Sikumsikia. Nilikuwa nimeapa kwamba lile jarida sitalisoma maisha yangu yote.

Asubuhi moja akaja mama wa Kakuma na binti yake. Binti alikuwa amefaulu mtihani, ameitwa chuo cha wauguzi, halafu amerudishwa nyumbani siku ya kupimwa afya. Daktari wa huko alimwambia afungue kinywa, akaona meno ya chini ya mbele hayapo, akasema, "Huyu ana kifafa, anaficha tu." Eti amesoma hivyo kwenye utafiti mkubwa unaotajwa na wataalamu wote.

Hapo nikalitafuta jarida. Wagonjwa ni wangu, matokeo ni yangu, ila sentensi moja profesa alikuwa ameiongeza mwenyewe: kwamba Waturkana wengi hawana meno ya chini ya mbele kwa sababu ya kuanguka kwa kifafa.

Jamani! Chekeni tu, hata mimi nilicheka kwanza. Nani hapa hajui kwamba tunang'olewa meno hayo utotoni, ili ugonjwa ukifunga taya, maziwa yapate pa kupitia? Na bwana huyu aliketi mbele yangu miaka yote hiyo, analitazama pengo langu nikiongea, na hakuniuliza! Wenzake wakamnukuu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefika huku kuuliza mtu.

Nikaanza tena wimbo wangu wa kuibiwa jina. Yule mama akanikatiza. "Daktari, mimi sikuja kwa sababu ya jina lako. Nataka mtoto wangu arudi shule."

Maneno hayo yalinichapa. Tulipanda lori watatu mpaka chuoni, nikafungua kinywa mbele ya yule daktari. "Nipime na mimi. Uniambie nimeanguka lini." Akaichukua fomu akaiandika upya, na binti akapokelewa. Kisha nikaandika masahihisho. Jarida kubwa lilinijibu kwamba profesa ni mtu anayenukuliwa sana, na mimi hawanijui. Nikaandika kwingine, jarida dogo likakubali. Sijaona aliyeninukuu hadi leo.

Namshukuru yule mama. Namshukuru mke wangu, aliyenifungulia mlango hata nikinuka, nanyi wa kanisa hili mlioketi nami siku zile za kuacha chang'aa. Ninachowaomba ni hiki: mtu akiandika habari zenu, mwambieni awasomee alichoandika. Na wewe uliyedhulumiwa, usiketi kuuguza kidonda chako huku kinawaumiza wengine.

Pombe nimeiacha. Hasira bado ninayo, na sijaomba iondolewe. Sentensi ile bado inasomwa, na mahali fulani leo kuna binti mwingine anaambiwa afungue kinywa.