Dakika Nne za Ratiba: Historia ya Baba Yetu

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wafanyakazi wa hospitali na wa reli mliokuja na sare zenu za kazi, mimi ni binti wa mwisho wa marehemu, na familia imenituma nisome historia yake, kazi itakayochukua dakika kumi na nne, nimezipima mara mbili, kwa kuwa marehemu hakupenda mtu aseme "muda mfupi" bila kutaja ni muda gani. Tarehe nimezilinganisha na madaftari yake, na pale nisipokuwa na hakika nitasema. Kuna siku moja katika historia hii ambayo Baba Mdogo, kwa upendo, aliomba tuiruke, ila Baba aliacha maneno yake kwenye jalada la daftari la mwisho, kwamba isomwe yote ama isisomwe kabisa, kwa hiyo nitaisoma yote.

Marehemu Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Ratiba, alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Februari 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua mia mbili na kumi kutoka kituo cha tatu cha reli ya mjini, akiwa mtoto wa pili wa fundi viatu na mkewe. Bibi alizoea kusema kwamba mtoto alilia treni ya asubuhi ikipiga honi, lakini Baba alipokua alichunguza, akakuta kwamba miaka ile zilipita treni mbili asubuhi, moja saa kumi na mbili na dakika arobaini na nyingine saa moja kamili, na Bibi hakukumbuka ilikuwa ipi, ndiyo maana mpaka anafariki sehemu ya saa ya kuzaliwa aliiacha wazi.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwaka 1970, kisha akaendelea na sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, na daftari lake la kwanza la treni, ambalo bado tunalo, ni daftari la hesabu la darasa la tano, mbele lina sehemu na desimali, nyuma lina mistari iliyochorwa kwa rula, namba ya treni, saa ya ratiba, saa halisi, idadi ya mabehewa. Mwalimu mmoja alimtoa nje kwa kuangalia dirishani, na adhabu hiyo, kwa bahati mbaya ya mwalimu, ilikuwa kusimama kwenye uzio wa upande wa reli.

Tarehe 3 Februari 1975 aliomba kazi ya udereva wa treni, akapita hesabu, akapita kifua na mapafu, akaangushwa na macho, kwa sababu ilibainika kwamba taa nyekundu na taa ya kijani aliziona kwa rangi moja, ile ya majani makavu, na taa za reli za wakati ule zilikuwa na kioo kimoja tu kinachobadilika rangi. Taa za barabarani, ambazo nyekundu hukaa juu na kijani hukaa chini siku zote, hazikumsumbua, na alikuwa akisema kwamba reli ilimkataa akaenda kuposa barabara, lakini hata barabara yenyewe ilijua moyo wake uko wapi. Aliendesha gari la mizigo la bohari ya dawa kuanzia mwaka 1976, na tarehe 1 Julai 1980 akaajiriwa kuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali hii iliyo upande wa kaskazini wa reli, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita na miezi minane.

Kwa wageni naomba nieleze njia ilivyo, maana bila hiyo historia hii haieleweki. Reli inaukata mji wetu katikati, na gari linalotoka kusini likifika kwenye njia panda lina mawili ya kuchagua, ama lipite kwenye kivuko cha reli chenye mageti, ambapo kutoka njia panda hadi mlango wa hospitali ni dakika saba, ama lizunguke darajani, ambapo ni dakika kumi na mbili, na tofauti ya dakika tano kwa mgonjwa si kitu kidogo. Treni za abiria zilikuwa arobaini na sita kwa siku, na kila moja hufunga mageti, hivyo madereva wengine walipita darajani tu ili wasijisumbue, lakini Baba alikuwa na madaftari yake. Muuguzi aliyepanda naye miaka mingi, ambaye yuko hapa amekaa safu ya pili, anasimulia kwamba walipokaribia njia panda alikuwa akimuuliza, "Ratiba, tunapita?" na Baba anatupa jicho kwenye saa ya mkononi na kujibu neno moja, "Tunapita," au "Daraja," na kwa karibu miaka kumi na miwili hakukosea. Mlinzi wa geti wa enzi hizo alimtania kwamba abiria wakiuliza mbona treni imechelewa, yeye huwaelekeza hospitalini.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1983, na Mama yetu, ambaye wakati ule alikuwa karani wa tiketi kwenye kituo cha tatu. Kwa miezi saba kabla ya hapo Baba alikuwa akikata tiketi ya kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu, na kila mara akiuliza kama treni ya saa moja na dakika kumi iliondoka kwa wakati, mpaka Mama akamwambia, mbele ya foleni nzima, "Kaka, kama shida yako ni treni, ubao wa saa ule pale, kama shida yako ni mimi, sema watu wapite." Baba alisema, watu wakapita. Mungu aliwajalia watoto watatu, dada yetu aliyezaliwa 20 Agosti 1985, kaka yetu aliyezaliwa 2 Aprili 1988, na mimi niliyezaliwa 3 Juni 1998, siku ambayo daftari linaonyesha kwamba treni ya saa kumi na moja jioni ilichelewa dakika sita, na pembeni ameandika, "Sikuona ikipita, nimeambiwa."

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Jumanne, tarehe 12 Mei 1992, saa moja na nusu asubuhi, gari la Baba liliitwa kwenye zahanati ya kusini, kumchukua mama aliyekuwa amejifungua alfajiri na damu yake haikukatika, mtoto akiwa mzima na amebaki na bibi yake. Walifika njia panda saa moja na dakika hamsini, treni ya saa moja na dakika arobaini na nane ilikuwa imeshapita, na iliyofuata kwenye ratiba ilikuwa ya saa mbili na dakika kumi na nne, kwa hiyo muuguzi alipouliza, Baba alijibu, "Tunapita." Saa moja na dakika hamsini na mbili mageti yalifungwa mbele yao, kwa ajili ya treni tupu iliyokuwa ikirudishwa karakana, isiyo na abiria, isiyoandikwa kwenye ratiba yoyote, na treni hiyo ikakwama breki katikati ya kivuko, magari yakajipanga nyuma, hakukuwa na nafasi ya kugeuza. Mageti yalifunguliwa saa mbili na dakika moja. Walifika hospitali saa mbili na dakika sita, na yule mama alifariki saa mbili na dakika ishirini.

Uchunguzi haukumtia mtu yeyote hatiani, na daktari wa zamu aliandika kwamba damu nyingi ilikuwa imepotea kabla gari halijaitwa, na kwamba hakuna awezaye kusema angepona. Watu walizoea kuzitaja zile dakika tisa za getini, lakini Baba alitusahihisha nyumbani kila mara, kwamba kwa kupitia darajani angefika saa mbili na dakika mbili, hivyo zilizopotea kwa uamuzi wake ni nne, wala hakukubali azidishiwe wala apunguziwe. Alikuwa akisema, "Zile nyingine ni za breki, nne ni zangu."

Kwa siku arobaini na moja hakuandika treni hata moja, kurasa hizo ziko tupu, nimezihesabu. Tarehe 22 Juni 1992 alikwenda kwenye karakana ya seremala, mume wa yule mama, akamweleza mwenyewe kwamba njia zilikuwa mbili na kwamba yeye ndiye aliyechagua. Seremala alikuwa akipiga randa ubao, hakuinua uso, akaupiga mpaka mwisho, akapuliza vumbi, kisha akauliza, treni isiyokuwemo kwenye ratiba, nani anaijua. Baba akajibu kwamba chumba cha kuongozea treni humpigia mlinzi wa geti dakika kumi kabla. Seremala akamtazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Basi mbona hakupigii wewe?"

Baba alitusimulia kwamba swali hilo lilimuuma kuliko tusi, kwa sababu katika miaka kumi na miwili ya kukesha na madaftari, akijua kila behewa kwa mlio wake, hakuwahi kufikiria kuuliza tu, na sababu ya kutofikiria, alikiri, ni kwamba alipenda sana kujua mwenyewe. Mwaka uliofuata aliutumia kuandika barua, nakala zipo, kumi na saba kwa ofisi ya reli na tisa kwa uongozi wa hospitali, nyingine hazikujibiwa, moja ilijibiwa kwamba ombi la kazi ya udereva wa treni halikufanikiwa, na hatimaye tarehe 1 Septemba 1993 ikawekwa simu kati ya kibanda cha mlinzi wa geti na kituo cha magari ya wagonjwa. Tangu siku hiyo mlinzi hupiga kila inapokuja treni isiyo ya ratiba, na kituo humpigia mlinzi kila gari linapobeba mgonjwa mahututi, ili chumba cha kuongozea, ikiwezekana, kiishikilie treni kwenye kituo cha tatu hadi gari livuke. Kishubaka cha simu hiyo alikitengeneza Seremala, na Baba alishikilia kwamba ni kwa ubao uleule wa siku ile, ingawa Seremala anasema si kweli, ule uliishia kwenye kitanda cha mtu.

Kutoka hapo hadi alipostaafu, tarehe 28 Februari 2017, madaftari yanaonyesha safari 1,312 za kupitia kivukoni, na alisimamishwa getini mara ishirini na tano, mara ndefu kuliko zote ikiwa dakika mbili. Baada ya kustaafu aliendelea kukaa kila asubuhi kwenye benchi la jukwaa la pili, na baadhi yenu madereva wa treni mlikuwa mkimpigia honi fupi mbili, jambo alilosema ni kinyume cha kanuni, na siku msipopiga alirudi nyumbani amenuna.

Ugonjwa wa moyo ulianza Novemba 2021, siku yenyewe sina hakika kwa sababu alituficha. Alhamisi, tarehe 27 Februari 2025, alizidiwa saa moja na nusu asubuhi tukiwa upande wa kusini nyumbani kwa dada, gari la wagonjwa likaja, nami nikapanda naye. Tulipofika njia panda ilikuwa ni wakati wa treni ya saa moja na dakika arobaini na nane, dereva hakupunguza mwendo, na mageti yalikuwa wazi, mlinzi wa sasa, mwanamama huyu wa reli aliyekuja leo, amesimama nje ya kibanda na simu sikioni. Baba aliinua mkono akatazama saa, akasema kwa shida, "Wameishikilia kwa ajili yangu," kisha akaniambia, "Andika, dakika mbili." Nimeandika, ndio mstari wa mwisho wa daftari la thelathini na moja. Alifariki Alhamisi iliyofuata, tarehe 6 Machi 2025, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na nane na siku ishirini na tano, Mama akiwa ameshika mkono wake wa saa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliolala nasi na kupika, wafanyakazi wenzake wa hospitali, na watu wa reli, ambao hamkuwahi kumwajiri na mmekuja wengi kuliko wote. Tunamshukuru pia Seremala, aliyekaa pale mlangoni na binti yake, mtoto yule wa zahanati, ambaye sasa ana miaka thelathini na miwili. Juzi nilikwenda kumuuliza Seremala kama niisome siku ile mbele ya watu, nikiwa tayari kuiacha kama angesema niache, akajibu, "Isome, mwanangu, lakini uitaje na simu." Nimeitaja.

Tangazo la mwisho ni lake mwenyewe. Msafara utaondoka hapa saa nane na dakika tano kuelekea makaburini, upande wa kusini, na tutafika kivukoni karibu na treni ya saa nane na dakika kumi na nne. Mlinzi ameombwa asimpigie mtu simu, wala treni isishikiliwe, kwa kuwa Baba aliandika kwamba safari hii haina mgonjwa na abiria wana kazi zao. Mageti yatafungwa mbele yetu, tutazima injini, tutasubiri ipite yote, mabehewa manane, na nitaandika saa.

Ratiba, Baba yetu, lala kwa amani, leo hakuna anayekuharakisha.