Sehemu za Darasani

Benchi la kijiwe lilitazamana na mlango wa banda la video, na Jumamosi ile mawingu yalikuwa yameinamia paa la bati tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Waliokaa ni wale wale: Antena, fundi redio asiyekosa la kusema, Mkalimani, mwenye banda, ambaye kazi yake ni kuzungumza Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na fundi viatu, ndara ya mtu mapajani. Binti wa huyu fundi viatu, waliyemzoea kwa jina la Birika, alikuwa akiwamiminia kahawa. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama alipoanguka na miguu ikakataa kumbeba, binti alitolewa kidato cha pili, "kwa muda tu," baba alisema. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa tena, na baba alikuwa hajasema kama binti atarudi.

Walikuwa wametoka kuangalia filamu ya miaka ya themanini: kijana mwenye miwani mikubwa anampeleka bata bukini kwenye dansi ya shule, kamfunga hata tai.

— Filamu kongwe vile na bado banda linajaa, Antena alianza. Sababu ninayo. Simu za mkononi hazikuwapo. Ukimpenda msichana, unasimama nje kwao mpaka baba yake akufukuze. Utamu wote uko kwenye kufukuzwa.

— Toka hapa! Mkalimani akadakia. Ni nywele. Zimesimama kama zimeona jini.

— Basi nikupe siri. Wale waigizaji si watoto. Ni watu wazima wenye wajukuu, wamebebeshwa mikoba ya shule. Ndiyo maana wazee kama sisi tunajiona mle.

— Na bata?

— Bata ndiye mwanafunzi pekee wa kweli.

Walicheka, hata fundi viatu. Birika hakucheka.

— Mjomba Mkalimani, mbona sehemu za darasani unazikimbiza?

— Zipi hizo?

— Mwalimu akishika chaki tu, unapeleka mbele. Sijawahi kuona walikuwa wanafundishwa nini.

— Mwanangu, nani atalipa kiingilio aje kuangalia ubao? Watu wanataka bata.

— Mimi ningeangalia.

Fundi viatu aligonga msumari uliokwisha kuingia zamani.

— Wenyewe wala hawaitaki shule, Antena akajaribu kuokoa jahazi. Filamu nzima wanatafuta pa kutorokea.

— Wanatoroka kwa sababu wanajua kesho wataikuta, Birika akasema.

Hapo akatokea fundi cherehani mgeni, aliyepanga chumba cha pili kutoka bandani juzijuzi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa amefuata ndara yake, ile iliyokuwa mapajani mwa fundi viatu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

Akamtazama Birika kuanzia mabegani hadi miguuni, kama washonaji wanavyotazama watu.

— Fundi, huyu si binti yako? Mtaa mzima wameshaleta watoto wao niwashonee sare. Huyu nimpime lini?

Antena alichungulia ndani ya kikombe chake. Mkalimani alitazama mlango wa banda. Fundi viatu aliigeuza ile ndara, juu, chini, akitafuta palipobaki pa kushona.

Birika aliliweka birika chini. Akasimama wima, mabega yamenyooka, mikono imeachana kidogo na mwili, kama mtu anavyosimama mbele ya futi.