Madaftari Matatu ya Moshi

Shilingi laki sita na elfu arobaini alizokatwa marehemu na chama cha ushirika hatuzidai, hizo zimeliwa zikaisha, na mnaoninong'oneza hapo nyuma, "Kyaruzi, soma historia, acha ugomvi," subirini, maana ugomvi huu ndiyo historia yenyewe.

Kaka yangu Ildefons Rutaihwa alizaliwa Maruku tarehe 9 Machi 1958, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1972, yaliyobaki akajifundisha kwa vitabu vya kuazima, akawa mpima mvua hadi 1989, akahamia Muleba kulima kahawa, na tarehe 6 Oktoba 1990 akafunga ndoa na Klaudia, wakajaliwa Evelyne na Philbert.

Tangu 2006, kila saa sita mchana, alitazama kisiwa cha Bumbire na kuandika kinaonekana kiasi gani. Jikoni, kwa tochi, alituonyesha kwamba moshi wa majani mabichi huutawanya mwanga kila upande hadi mbele kunakuwa kweupe tu, na kwamba masizi huumeza mwanga na kuugeuza joto, kwa hiyo anga ikijaa vyote viwili, jua linalofika chini ni mabaki.

Julai 2019 rweya, yaani mbuga zetu za majani, zilichomwa siku kumi na nne mfululizo, Bumbire ikapotea, kahawa ya kila mtu ikakawia kukauka, lakini ni yeye peke yake ambaye mwenyekiti wa chama, Byabato, alimwambia mbele ya mizani, "Mzee, hii umeinywesha maji kama ndama!" Watu wakacheka, naye akakatwa fedha zile, eti aliongeza uzito kwa maji. Kaka akampelekea mwenyekiti madaftari yake matatu yawe ushahidi, na humo ameandika nani alichoma siku gani, tarehe 11 mwenyekiti, tarehe 13 kaka mwenyewe, kwa mkono wake, "Nimechoma, nimekosea." Madaftari hayakurudi, jina la mwizi likabaki.

Februari 2024 aliugua mapafu, akatibiwa Bukoba mara tatu, akafariki alfajiri ya tarehe 28 Aprili 2025. Tunawashukuru madaktari, majirani mliobeba ndizi na maji, na wanachama wenzake mliochimba kaburi tangu jana.

Lala, kaka, mvua imeosha anga, Bumbire leo inaonekana mpaka miti yake.

Mwenyekiti Byabato, umekaa mstari wa pili: leta madaftari matatu, na useme hapa kwamba hakuinywesha kahawa maji, kabla hatujafukia.