Plasta ya Mzee Lorne

Bi Lum alikuwa amepitiliza kituo chake, wala hakujuta. Katika kiti cha mbele yake, ndani ya basi la Mtaa wa Hastings, Mzee Lorne alikuwa akimsomea Darlene mashtaka. Darlene alikuwa ametimiza mwaka bila heroini, na jioni ile kikundi chao cha walioacha dawa za kulevya kingemkatia keki aliyokuwa ameipakata ndani ya boksi. Medali yake ilikuwa mfukoni mwa Lorne, kwa sababu kwao mlezi ndiye humkabidhi aliyemlea.

"Medali ni ya aliyeacha kila kitu," alisema Lorne. "Wewe kila usiku unadondosha mafuta ya bangi chini ya ulimi."

"Nimeandikiwa na daktari, mzee wangu. Bila hayo silali, na nisipolala unajua miguu hunipeleka wapi."

"Bangi ni bangi tu, bibie."

"Haya. Na hiyo plasta inayochungulia begani ni ya nini?"

Lorne akavuta kola kuifunika. "Ya kuachia sigara."

"Ndani wamepaka nini, asali?"

Bi Lum akajikohoza ili asicheke.

"Nikotini," Lorne alinung'unika. "Lakini hii ni dawa. Nimeandikiwa na daktari."

"Kumbe. Mimi wangu alikuwa kinyozi."

Basi likasimama mbele ya kanisa, wakashuka. Kupitia dirishani, Bi Lum alimwona mzee akinyoosha mkono apokee boksi la keki, na Darlene akilikumbatia kwa mkono mmoja, huku akinyoosha wa pili kuelekea mfuko wenye medali.